Kipande cha Kutoka

Asubuhi ya siku ya arobaini na moja ya eda yake, Zuleha binti Shehe alikuwa ameketi mkekani anashona kofia. Mvua ilikuwa imenyesha ikakatika. Migomba nyuma ya nyumba ilikuwa bado inadondosha maji, na jikoni shangazi yake Mwaja alikuwa anamenya ndizi huku akilalamika kwamba watu wa Karagwe wana migomba ya kila jina ila hawana nazi hata moja. Malalamiko hayo alikuwa nayo tangu aletwe kutoka pwani akiwa mwali, na hakuna aliyewahi kuyajibu.

Nyumba ilikuwa madukani, kwenye njia iendayo Kanoni, zama zile Mdachi anacharaza watu viboko na kuiita kazi hiyo serikali. Bibi yetu, aliyekuja kuwa jirani wa binti wa Zuleha uzeeni, ndiye aliyetuachia habari hii. Hakukubali hata siku moja kuisimulia akiwa ndani. Alitoka kwanza, akakaa uwanjani, akageuka kuhakikisha mlango uko wazi nyuma yake, ndipo akaanza.

Zuleha alifiwa na mumewe, Ramadhani, kwa homa. Homa ile ilikuwa inatembea nyumba kwa nyumba, kwa hiyo mtoto wao wa pekee, Mwanamisi, mwenye miaka sita, alipelekwa Kamuli kwa dada yake Zuleha kabla hata matanga hayajaisha. Mama akabaki na eda: miezi minne na siku kumi, bila manukato, bila kuvuka kizingiti, bila kuonana uso kwa uso na mwanamume asiye maharimu wake. Sheria hakuinung'unikia. Alikuwa na haja moja tu duniani: siku ya mwisho ifike, aoge, atoke, ashike njia ya Kamuli kwa miguu yake akamchukue mwanawe. Kila alfajiri alitupia buni moja kavu ndani ya kibuyu. Zikitimia buni mia na thelathini, mlango ni wake.

Saleh, mdogo wake marehemu, ndiye aliyebaki na duka. Alikuwa mtu wa mzaha, wa kuchekesha wateja mpaka wanasahau walichofuata. Asubuhi hiyo alikuja mpaka kwenye pazia, akasalimia, akasukuma kitu chini ya pazia kama anayelisha kuku.

Kilikuwa utepe. Mrefu, mwembamba, unaong'aa, umekatika vipande vitatu.

Asili yake ni hii. Mwaka uliopita Mdachi mmoja msafiri alipiga kambi pale madukani na sanduku la mbao lenye mkono wa kuzungusha. Sanduku lilikamata picha za watu wakitembea, na mchana mwingine, katika chumba cha giza, likazitoa ukutani wakitembea vilevile. Mdachi aliezua kwa muda upande mmoja wa paa la sebule ya Ramadhani ili jua liingie, akampa kazi: keti mkekani, jifanye umesikia kitu, inua uso, tazama mlango, simama, nenda, vuta komeo, toka. Alimrudisha mara nne. Mara moja sanduku lilisogezwa mpaka karibu na uso wake. Mara nyingine likakamata mlango peke yake, na mkono juu ya komeo. Majuma mawili baadaye Mdachi akashikwa na homa, wapagazi wakamtia kwenye machela wakaenda naye Bukoba. Hakurudi. Sanduku, tepe, taa na chupa ya gundi vikabaki kwa Ramadhani, na baada ya Ramadhani, kwa Saleh.

Saleh hakukaa nalo bure. Aliziba matundu ya ghala kwa lubugo, vitambaa vya magome ya mti, akawasha taa adhuhuri, watu wakaja kutoka Rugu na Kanoni kumwona marehemu akitembea. Siku ya tatu utepe ukakatika.

"Shemeji," alisema nyuma ya pazia, "wewe una mkono wa kofia. Niunganishie huyu bwana, amevunjika kiuno."

Mwaja alimjibu kabla ya Zuleha. Alisema kwamba mwanamume anayecheka na kivuli cha nduguye siku moja kivuli kitacheka naye, na kwamba mjane hashiki maiti mara mbili. Saleh akasema hii si maiti, ni biashara.

Zuleha aliuinua utepe dirishani. Ramadhani alikuwa mle, mdogo kama punje ya ulezi, mamia ya Ramadhani, wameketi mmoja chini ya mwingine kwenye mkeka uleule aliokuwa ameukalia yeye. Alilia kidogo. Kisha akafungua chupa. Gundi ile ilinuka ndizi zilizoiva zikapitiliza, nyumba nzima ikanuka hivyo, akafanya kazi kwa sindano na ncha ya mkasi mpaka alasiri.

Alikosea. Kile kipande cha uso wa karibu, Saleh alikuwa amempa nakala zake mbili, na Zuleha akaziunga zote. Basi kesho yake kule ghalani Ramadhani aliketi, akainua uso, akatazama mlango. Ukaja mlango. Halafu akainua uso tena, akatazama mlango tena.

Ghala lilipakana na chumba cha Zuleha kwa ukuta mmoja wa udongo. Alisikia kicheko cha watu kikikatika. Kisha mzee mmoja wa Rugu, sauti yake imekauka, akasema, "Mfungulieni jamani, waitu. Mtu yule hana pumzi."

Siku hizi watu wanasomea kuediti filamu miaka mitatu chuoni, wanatoka na cheti na njaa. Zuleha alijifunza kwa sikio, sikio lake limegandamizwa ukutani, yuko ndani ya eda. Alijifunza kwamba ukimwonyesha mtu anatazama mlango, halafu usiuonyeshe mlango upesi, watu wanaacha kutafuna buni zao. Ukiuweka mkono juu ya komeo bila kuonyesha mwenye mkono, kuna atakayesimama. Alipunguza kipande cha hatua, sasa Ramadhani yuko mkekani na mara yuko mlangoni, hapakuwa na kati, na mwanamke mmoja akaanza kuomba dua kwa Kinyambo na kuimalizia kwa Kiarabu. Hofu haikuwamo kwenye picha hata moja. Zilikuwa picha za muuza duka na mlango wake. Hofu aliitia yeye, kwenye maungio, kwa gundi.

Na alipenda. Hilo bibi hakulificha. Mwanamke aliyefungiwa ndani, asiye na neno lolote la kuamua, alikuwa anashika roho za watu sitini upande wa pili wa ukuta, akizibana na kuziachia.

Ila kila onyesho liliishia mahali pamoja: Ramadhani anavuta komeo, mwanga mweupe unaingia, anatoka. Watu wote walishusha pumzi. Wakacheka, wakaagiza rubisi, pombe yao ya ndizi, wakaenda zao.

Saleh hakupenda wanavyocheka. Alirudi kwenye pazia.

"Mwondoe kutoka," alisema. "Asitoke."

"Watu watakaa humo wakingoja."

"Ndiyo. Na kesho watarudi kuangalia kama ametoka."

Saleh akashusha sauti, bila mzaha safari hii. Alisema akitengenezewa hivyo, atapanda Kamuli mwenyewe akamlete Mwanamisi, amsimamishe uwanjani, mama amwone dirishani. Buni kibuyuni zilikuwa tisini na sita.

Alikata palepale. Alitoa kipande chote cha komeo kufunguka, mwanga, na mgongo wa mumewe ukiishia nje. Kilikuwa kirefu kama mkono wake. Akaunga mkia wa utepe na kichwa chake, ukawa duara, kusudi Ramadhani akifika mlangoni ajikute mkekani. Kile kipande cha kutoka akakitia motoni asije akashawishika kukirudisha.

Hakikuungua kama kitu kinavyoungua. Kiliruka. Moto mweupe, mara moja, ukapanda mpaka kwenye dari ukazimika, na hapakubaki hata jivu.

Mwaja aliyaona hayo kutoka jikoni. Akaweka kisu chini. Alisema taratibu, kama anayefundisha mtoto sura fupi: "Mtu akifa, tunamtoa nje, mwanangu. Wote tunafanya hivyo. Hata majirani zetu Wanyambo wanamjengea mzimu kijumba chake huko migombani, asiwe na haja ya kukaa ndani na watu. Wewe mumeo umemrudisha ndani. Sasa umefunga."

Zuleha akasema ni picha tu, shangazi.

Onyesho la kesho yake lilichukua mchana kutwa. Hakuna aliyecheka. Waliotoka walitoka kwa kurudi kinyumenyume.

Siku ya tisini na nane Zuleha alikuwa anapakua ndizi. Upawa mkononi, mvuke usoni. Mara yuko mkekani, sahani iko mbele yake, imeliwa, imekauka. Hakukumbuka kula. Midomo yake ilikuwa na mafuta.

Alisema ni usingizi.

Siku ya mia na mbili alianza kutawadha akajikuta anatoa salamu, uso umegeukia bega la kushoto. Sala nzima haikuwapo. Siku ya mia na tano aliinua uso kutazama mlango, bila sababu. Akaushusha. Kisha akauinua tena, vilevile, shingo ile ile, pumzi ile ile, na alijua kwamba hakuwa ameamua kuuinua.

Hapo akaelewa mkono huu ni wa nani. Ulikuwa ustadi wake mwenyewe wa kukata na kuunga.

Alimwambia Saleh aurudishe utepe. Saleh akasema watu wa mbali wako njiani wanakuja. Akamwuliza mtoto yuko wapi. Akasema mvua, njia mbaya, wiki ijayo inshallah. Zuleha akamwambia kwamba hata angerudishiwa asingeweza kuutengeneza, maana kipande cha kutoka hakipo duniani, lakini angalau usizungushwe tena.

"Shemeji," Saleh alinong'ona, "mimi sijauzungusha tangu Ijumaa. Mkono wa sanduku umekwama."

"Ijumaa?"

"Ndiyo."

"Mbona namsikia akitembea kila adhuhuri?"

Tangu siku hiyo Saleh hakuingia tena ghalani peke yake.

Mwaja ndiye aliyekata shauri, na alilikata kama Mwislamu mwema wa zamani zake, na hapo ndipo alipokosea. Kitu chenye maiti, alisema, hakichomwi, hakitupwi, hakiuzwi. Kinazikwa. Siku ya mia na ishirini na sita aliingia ghalani na ubani, akautoa utepe sandukuni, akauviringisha kwenye shuka nyeupe, akaenda makaburini na Saleh wakauchimbia ubavuni mwa Ramadhani. Wakasoma Fatiha. Wakaupiga udongo miguu ukashika.

Wakawa wamezika chumba kile, na mlango wake usiofunguka, na aliyekuwamo.

Siku tatu zikapita vizuri. Zuleha alipika akakumbuka kupika. Alisali akakumbuka kila rakaa. Adhuhuri ukuta wa ghala ulinyamaza. Alicheka hata, Mwaja aliporudia habari ya nazi, akamwambia, shangazi, nikirudi kutoka Kamuli tutapanda mnazi hapa uwanjani, ufe nao kwa hasira. Saleh kwa aibu yake akaenda Kamuli kweli, kwa miguu, akarudi na mtoto mgongoni.

Asubuhi ya siku ya mwisho Zuleha alitia buni ya mia na thelathini. Alisikia maji yakimiminwa uwanjani, maji ya moto ya kuogea, Mwaja ameyatia majani ya mchaichai. Alisikia miguu midogo ikikimbia na kuambiwa isikimbie. Mlango wa sebule ulikuwa umefungwa kwa komeo kutoka ndani, alivyoufunga mwenyewe kila usiku miezi minne.

"Mama," Mwanamisi alisema nje.

"Haya, bibi harusi," Mwaja alisema. "Toka. Maji yatapoa."

"Nakuja," alisema Zuleha.

Akasimama. Akaenda. Akaweka mkono juu ya komeo. Ubao ulikuwa wa baridi, na chini ya mlango aliona vidole vya mtoto vikichezea mwanga.

Mkekani.

Ameketi. Mikono mapajani.

"Mama," Mwanamisi alisema nje.

"Haya, bibi harusi. Toka. Maji yatapoa."

Alitaka kusema jambo jingine. Alitaka kusema vunjeni. Mdomo ulisema, "Nakuja."

Akasimama. Akaenda. Mkono. Komeo. Baridi.

Mkekani.

Alijaribu kukimbia. Hatua zikapungua, alikuwa mkekani na mara alikuwa mlangoni. Mkono. Mkekani. Alijaribu kutambaa. Alijaribu kutosimama, akajiambia nitakaa hapa, nitakaa tu mpaka wavunje wenyewe. Shingo ikainuka. Akatazama mlango. Ikainuka tena.

"Mama."

"Toka. Maji yatapoa."

"Nakuja."

Alihesabu. Mia. Mia tano. Vidole vya mtoto chini ya mlango vilikuwa havijaongezeka hata ukucha. Elfu. Alikuwa anajua sasa kila tundu la ule ubao. Alijua mahali ambapo pumzi ingekatwa. Elfu tatu na kitu akapoteza hesabu, akaanza upya.

Ndipo alipohisi kwamba mkeka una joto upande wa kushoto.

Hakugeuka. Hakuweza, katika kipande kile hakuna kugeuka. Lakini aliposimama, kuna kitu kilisimama. Alipokwenda, kuna pumzi ilikwenda. Ilinuka ndizi zilizopitiliza. Mkono wake ulipofika kwenye komeo ulikuta mkono mwingine uko juu yake tayari, mpana, wenye kovu la kisu cha tumbaku alilolijua miaka minane.

Mkekani.

"Usihesabu," Ramadhani alinong'ona. "Mimi niliacha zamani."

Nje, neno "Nakuja" walilisikia mara moja tu. Hayo Mwaja aliyaapia mpaka anaingia kaburini, na Saleh pia, na mtoto. Walingoja kidogo. Mwaja akachovya mkono kwenye maji, akaona bado yanaunguza, akaita tena. Hakujibiwa. Saleh akauliza kama anaruhusiwa, na hakungoja ruhusa, akaupiga mlango bega mara mbili komeo likavunjika. Kutoka jibu lile mpaka mlango kuanguka, maji hayakuwahi kupoa.

Ndani hapakuwa na mtu. Madirisha ya nyumba zile ni ya kupitisha mkono, si mtu. Paa lilikuwa zima. Mkeka ulikuwa umetandikwa.

Lakini kutoka mkekani mpaka mlangoni sakafu ilikuwa imelika. Sakafu ile ya udongo Ramadhani aliipiga mwenyewe walipooana, ngumu kama chungu, na usiku uliotangulia Mwaja aliifagia ikiwa sawasawa. Sasa palikuwa na mfereji. Ulikuwa umechimbika namna njia ya ng'ombe inavyochimbika, kwa kukanyagwa, kingo zake zimelainika zikang'aa. Chini yake nyayo zilionekana wazi, jozi mbili, nyembamba na pana, bega kwa bega. Zote zilielekea mlangoni. Saleh alipiga magoti akatafuta hata moja inayorudi. Hakuiona. Na pale mfereji ulipokomea, shubiri moja kabla ya kizingiti, vumbi la usiku lilikuwa limelala halijaguswa.

Walikuwa bado wanatazama, hakuna aliyemkumbuka mtoto. Mwanamisi aliwapita, akateremka mle ndani kumfuata mama yake. Mfereji ulimfika kiunoni.